UZI: Treni namba 231 iliyofukiwa chini ya bustani mjini Richmond tangu 1925, ukweli wake na zile chai za mnyonya damu

Reli ya Kale (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimefungua uzi huu baada ya kuchoshwa na zile video fupi zinazozunguka mitandaoni zikiwa na muziki wa kutisha: "handaki la shetani", "treni iliyomezwa na ardhi", "kiumbe aliyetoka na damu mdomoni". Kila msimulizi anatia chumvi yake, ila hakuna hata mmoja anayegusa udongo. Na kesi nzima ya Richmond ni udongo. Mengine yote ni mapambo.

Richmond ni mji mkuu wa jimbo la Virginia, Marekani. Mashariki ya katikati ya mji kuna kilima kinaitwa Church Hill. Jina limetokana na kanisa la St. John's lililopo pale juu, lile ambalo Patrick Henry alitoa hotuba yake ya mwaka 1775 ya kutaka apewe uhuru, la sivyo apewe kifo. Kwenye ukingo wa magharibi wa kilima hicho kuna bustani ya umma, Jefferson Park. Ni sehemu ya kawaida kabisa, nyasi na miti, watu wanapanda jioni kutazama maghorofa ya mjini jua likizama.

Chini ya nyasi hizo linapita handaki la reli lenye urefu wa karibu mita 1,200. Ndani yake imo injini ya mvuke namba 231 na mabehewa bapa 10. Vimo humo tangu Ijumaa ya tarehe 2 Oktoba 1925. Wamo pia watu wawili ambao hawakutolewa.

Nitashusha kidogo kidogo. Mwenye swali aulize, mwenye nondo ashushe.

---

Kisiki cha Mpingo

Naweka kambi. Siti ya mbele kabisa, karibu na dirisha.

---

TaaYaNyuma

Mkuu hapo tu umeniacha njia panda. Treni ipo, wanajua ilipo, Marekani pesa ipo, mitambo ipo. Miaka 100 wanashindwa kuitoa? Kuna kitu kinafichwa hapo.

---

Reli ya Kale

@TaaYaNyuma tulia mkuu, swali lako lina jibu zuri na nitalifikia. Kwanza tujue kwa nini lilichimbwa.

Mwenye reli alikuwa kampuni ya Chesapeake and Ohio, watu wa reli wanaifupisha C&O. Miaka hiyo ya 1870 ilikuwa mikononi mwa Collis Huntington, yule yule tajiri aliyekuwa kwenye kundi lililojenga nusu ya magharibi ya reli iliyounganisha Marekani pwani kwa pwani. Huntington alitaka reli itoke mto Ohio, ivuke milima, ishuke mpaka kwenye maji ambayo meli za baharini zinafika. Mwaka 1873 reli ikaufikia mto Ohio. Upande wa huku Richmond, maji ya meli yalikuwa mashariki ya mji, chini ya maporomoko ya mto James. Reli inaingia mjini, gati iko ng'ambo ya pili, na katikati amesimama huyo Church Hill.

Kuna kuzunguka na kuna kutoboa. Wakatoboa. Kazi ilianza 1872 na treni ya kwanza ikapita Desemba 1873. Miaka michache baadaye, mwaka 1881, reli ikasogezwa mpaka Newport News kwenye bahari, na makaa ya mawe ya West Virginia yakawa yanapita tumboni mwa kilima hicho hicho kwenda melini.

Sikilizeni sasa. Hata kabla halijafunguliwa, handaki lilikuwa limeshaua. Dari lilianguka mara kwa mara wakati wa kuchimba, wafanyakazi wakafukiwa, na huko juu ardhi ikazama na nyumba za watu zikaharibika. Kilima kilitoa taarifa mapema kabisa, miaka 50 kabla ya ajali inayojulikana.

---

Mzee wa Matimba

Mleta uzi salaam. Mimi nimekula miaka mingi chini ya ardhi kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, kwa hiyo naongea kitu ninachokijua. Mwamba unakuonya kwa sauti. Ukigonga kwa nyundo ukasikia unalia kama chuma, kaa, piga kazi. Ukisikia unajibu kama ngoma tupu, toka. Udongo wa mfinyanzi hausemi kitu. Leo umesimama wima kama ukuta, unauchonga kwa sururu unakatika vizuri kama jibini, unaona kazi rahisi. Baada ya wiki matimba, zile nguzo za mbao za kushikilia dari, yanaanza kulia, ukitazama yamepinda. Hapo hujaongeza uzito wowote. Ni udongo umekunywa maji unavimba.

Hao jamaa walichimba kwenye nini hasa?

---

Reli ya Kale

Shikamoo mzee. Umenirahisishia kazi, maana ndiko nilikokuwa naelekea.

Richmond imekaa kwenye mpaka wa aina mbili za ardhi. Magharibi ya mji ni mwamba mgumu wa matale, ndiyo maana mto James unaporomoka kwa kelele juu ya mawe unapopita mjini. Mashariki ya mstari huo mwamba unazama chini, na juu yake kuna matabaka yaliyowekwa na bahari mamilioni ya miaka iliyopita, bahari ilipokuwa imefika mpaka hapo. Church Hill imeumbwa na matabaka hayo: mchanga, changarawe, na udongo laini wa rangi ya buluu-kijivu wenye mabaki ya viumbe wa baharini. Wanasayansi wa karne ya 19 waliokuwa wakipenda hadubini walikuwa wakiagiza udongo wa Richmond makusudi, kwa sababu ukiweka chembe yake chini ya lenzi unaona maganda ya viumbe vidogo mno vya baharini vyenye maumbo ya ajabu, duara zenye matundu kama chekecheke. Kwa mtu wa hadubini ile ni hazina. Anayetaka kupitisha treni amekwisha.

Udongo huo unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Mzee hapo juu ameeleza alivyouona kwa macho, mimi niongeze kinachotokea ndani. Udongo ulioko chini sana umebanwa na uzito wa kilima kwa muda usiohesabika. Ukitoboa tundu, pale kwenye ukingo wa tundu ule mbano unaondoka ghafla. Udongo unapumua, unatanuka kidogo, unafungua nafasi ndogo ndogo, na maji yaliyo jirani yanavutwa kuingia. Ukishalowa unapoteza nguvu. Hili halitokei siku hiyo hiyo. Linaweza kuchukua wiki, miezi, hata miaka, na ndiyo sababu wachimbaji wengi huamini wameshavuka salama kumbe bado.

Kinga yake ni kuta za matofali zilizojengwa kwa upinde. Upinde ukiwa mzima, uzito wa kilima unaukaza na haubomoki. Toa tofali chache pembeni, upinde hauna pa kukanyaga.

---

Kisiki cha Mpingo

Mkuu swali la darasani. London nayo si imekaa juu ya mfinyanzi? Mbona treni za chini kule zinapita tangu enzi za malkia Victoria na hatusikii kufukiwa?

---

Reli ya Kale

Swali zuri. Ile ya kwanza ya London, ya 1863, haikutobolewa kama panya anavyotoboa. Walifukua barabara kutoka juu, wakajenga kuta na dari, wakafunika. Zile za chini kabisa zilizofuata zilitumia ngao ya kuchimbia, wazo la mhandisi Brunel alipopita chini ya mto Thames kati ya 1825 na 1843, likaboreshwa na mhandisi Greathead kuanzia 1869. Ngao ni bomba kubwa la chuma linalosukumwa mbele, wachimbaji wapo ndani yake, na nyuma yake pete za chuma zinafungwa papo hapo. Udongo haupewi nafasi ya kupumua. Halafu mfinyanzi wa London ni mkavu na mgumu kuliko ule wa Church Hill, tena haupitishi maji kirahisi.

Richmond 1872 walikuwa na sururu, koleo, magogo na matofali.

Na kuna ulinganisho mzuri zaidi wa hapo hapo Virginia. Kwenye reli hiyo hiyo iliyokuja kuwa ya C&O, kule milimani Blue Ridge, kuna handaki la Claudius Crozet, Mfaransa aliyewahi kuwa ofisa kwenye jeshi la Napoleon. Lilipitisha treni kuanzia 1858. Urefu wake ni kama mita 1,300, yaani wanakaribiana kabisa na hili letu. Walichoronga kwa mkono na baruti, mwamba mgumu mno, kazi ilikula miaka. Treni ziliacha kulitumia 1944. Leo lipo wazi, mwaka 2020 likafunguliwa kuwa njia ya watembea kwa miguu, unaingia na tochi yako unatokea upande wa pili. Handaki lililowatesa kulichimba limewavumilia. Lililokatika kirahisi ndilo lililokula watu.

---

Mzee wa Matimba

Hiyo ya mwisho iandikwe ukutani.

---

Bi. Chausiku

Jamani stori tamu ila tunasubiri 1925. Kaka usitukatie utamu.

---

Reli ya Kale

Haya dada, nakuja.

Mwaka 1901 C&O ilimaliza daraja refu la chuma linalopita juu juu kando ya mto James, kilomita kadhaa, likaondoa haja ya kupita chini ya kilima. Handaki likaachwa. Kwa zaidi ya miaka 20 likakaa bila treni. Hebu vuta picha: matofali ya 1873, maji yanachuruzika, hakuna anayehangaika na mifereji, udongo nyuma ya ukuta unalowa na kukauka kila msimu.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia mizigo ikaongezeka, daraja likaonekana halitoshi, wakaamua kulifufua handaki. Lakini injini na mabehewa ya miaka ya 1920 yalikuwa makubwa kuliko ya 1873. Lazima lipanuliwe. Kupanua maana yake ni kugusa ule upinde. Wazee wa ujenzi wanajua kwamba kupanua handaki bovu ni hatari kuliko kuchimba jipya, kwa sababu udongo wa pembeni umeshachoka.

Tarehe 2 Oktoba 1925, mchana, mvua ilikuwa imenyesha. Treni ya kazi imeingia, injini namba 231 na mabehewa bapa 10 ya kubebea kifusi. Injini iko upande wa magharibi, yaani chini ya Jefferson Park. Dereva ni Thomas Mason. Mchochea moto wake ni Benjamin Mosby, kijana wa miaka 28. Ndani kuna vibarua na mafundi, makadirio ya kawaida ni kama 200.

Saa tisa alasiri na dakika zake, matofali machache yakadondoka. Nyaya za umeme zikakatika na taa zikazima. Kisha dari likashuka juu ya injini.

Walio wengi walinusurika, na walivyonusurika ndiyo sehemu inayonikaa kichwani. Upande wa magharibi umezibwa. Njia iliyobaki ni mashariki, na ni mbali, gizani, na treni imejaza sehemu kubwa ya upana wa handaki. Kuna waliopita chini ya mabehewa, kwa matumbo, juu ya mataruma, mikono ikipapasa reli kujua wanaelekea wapi. Wenzao wako nyuma wanawasukuma, kila mtu anataka kutoka, kilima kinaendelea kudondoka. Wakatokea upande wa pili.

Mason alibanwa kwenye chumba cha dereva. Mosby alikuwa anatupia makaa kwenye tanuri, kifua wazi kwa sababu ya joto. Boila ilipopasuka mvuke ukamuunguza sehemu yote ya juu ya mwili na meno yake kadhaa yakavunjika. Alijikokota mpaka akatoka nje akiwa hai. Alifariki hospitalini baadaye.

Vibarua wawili hawakuonekana tena.

---

TaaYaNyuma

Duh. Poleni zao.

Sasa hapo kwa Mosby ndipo ile habari ya mnyonya damu inapoanzia, au siyo? Maana nilisikia mashuhuda waliona kiumbe ngozi inaning'inia, meno yamechongoka, kikakimbilia makaburini. Mashuhuda wote wawe waongo?

---

Reli ya Kale

Hapo ndipo chai inapoungwa tangawizi, mkuu.

Stori inavyosimuliwa: handaki lilipoanguka alitoka kiumbe mwenye meno makali, ngozi inaning'inia, akakimbia kuelekea mto James, watu wakamfukuza, akajificha kwenye kaburi la W. W. Pool katika makaburi ya Hollywood. Kwa asiyejua, makaburi hayo ni maarufu Richmond, marais wawili wa Marekani wamezikwa pale, James Monroe na John Tyler.

Sasa tuibane. Makaburi ya Hollywood yako upande wa pili kabisa wa mji, kilomita kadhaa kutoka Church Hill, unakatiza katikati ya mji mzima. Nani aliyeungua namna ile anakimbia umbali huo akifukuzwa na asikamatwe? Pili, huyo Pool alikuwa mtunza hesabu, alifariki 1922, miaka mitatu kabla ya handaki kuanguka. Kilichomponza ni kaburi lake kuwa kama kijumba cha mawe chenye mlango, limeandikwa mwaka 1913 badala ya mwaka aliokufa yeye, na zile W mbili za jina lake mtu mwenye hamu anaziona kama meno ya kung'ata. Wanafunzi wa chuo cha jirani walikuwa wakitishana na kaburi hilo kwa miongo kadhaa, bila kutaja handaki. Stori mbili zilikuja kuunganishwa baadaye sana, kwenye miaka ya 2000, intaneti ikaimalizia kazi.

Kwa hiyo "kiumbe" ni Mosby. Ngozi iliyoning'inia ni ya mtu aliyechomwa na mvuke, na meno yaliyochongoka yamevunjika kwenye ajali ya kazini. Aliingia asubuhi kutupia makaa, ametoka akiwa anakufa, na miaka 80 baadaye watu wanamfanya jini la kuuzia fulana. Mimi hapo ndipo ninapokasirika.

---

Bi. Chausiku

Na hao wawili waliobaki ndani je? Majina yao yapo?

---

Reli ya Kale

Yapo nusu nusu dada yangu. Mmoja ni Richard Lewis. Wa pili ni "H. Smith". Jina la kwanza la Smith ni herufi moja tu.

Walikuwa vibarua weusi wa kutwa. Virginia ya 1925 ni ya ubaguzi wa kisheria, mabehewa ya abiria yenyewe yalitenganishwa kwa rangi, na kibarua wa kutwa orodha yake ilikuwa ya kukisia. Ndiyo maana tangu siku ile kuna watu wa Richmond wanaoamini waliokufa ni zaidi ya wanne. Ushahidi wa idadi kubwa zaidi haujapatikana, ila hoja ya msingi ina mashiko: kama hujui sawasawa nani aliingia, huwezi kuapa nani hakutoka.

Linganisheni. Kaburi la mtunza hesabu ambaye hata hakuwapo lina wageni kila mwaka. Namba ya injini inajulikana na kila mpenda reli. Smith hana hata jina kamili.

---

Kisiki cha Mpingo

Mkuu hapo umegonga. Hebu rudi kwenye uokoaji, walijaribu kweli au walifunga tu?

---

Reli ya Kale

Walijaribu. Walichimba kwa zaidi ya wiki, wakishuka kutoka juu kwenye kilima pia. Tatizo ni lile lile: kila walipokaribia, udongo mwingine ukashuka. Hatimaye walimfikia Mason, akiwa bado kwenye injini yake, amekufa. Lewis na Smith hawakufikiwa.

Tume ya serikali ya jimbo iliyosimamia mashirika ya reli iliamua handaki lifungwe kwa usalama. Likajazwa mchanga kwa sehemu kubwa, mdomo wa magharibi ukazibwa kwa zege. Ukifika pale leo, jirani na majengo ya makazi, utaona ukuta wa zege umeandikwa 1926. Mdomo wa mashariki uko kwenye bonde lenye vichaka na maji yaliyotuama, karibu na Chimborazo, kilima kilichokuwa na hospitali kubwa sana ya majeruhi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Mchanga haukuwekwa kwa ajili ya kuficha kitu. Juu ya handaki kuna mitaa na nyumba za watu. Tundu likiachwa tupu kwenye udongo ule litaendelea kumong'onyoka kwenda juu mpaka siku moja litokeze sebuleni kwa mtu.

---

TaaYaNyuma

Sawa, nimeacha habari za shetani. Lakini swali langu la mwanzo bado. Teknolojia ya leo siyo ya 1925. Kuna zile mashine za kutoboa zinazopita chini ya bahari. Injini moja tu wanashindwa?

---

Reli ya Kale

Mwaka 2006 kuna waliojaribu hatua ya kwanza. Chama cha historia cha Virginia pamoja na mkuu wa kampuni moja ya reli, Pete Claussen, walichoronga tundu jembamba kutoka juu na kushusha kamera waone kama kuna nafasi karibu na treni. Walikuta maji na tope. Kamera haikuona treni. Baada ya hapo hofu ikawa kwamba ukiyavuta hayo maji, ardhi ya juu inaweza kuzama, nyumba na barabara zikafuata. Mpango ukasimama.

Mashine za kutoboa unazozisema zinafanya kazi nzuri kwenye ardhi ambayo haijaguswa. Hapa unazungumzia tundu la zamani lililoanguka nusu, lililojazwa mchanga nusu, lenye maji, lina chuma cha tani nyingi katikati, matofali, magogo, na mtaa wa watu juu yake. Mzee wa Matimba atakwambia.

---

Mzee wa Matimba

Duara lililokwisha anguka haliingiwi kwa njia ile ile. Ni kanuni ya kwanza tunayomfundisha kijana. Ukitaka cha mle ndani unakwenda pembeni kwenye ardhi mbichi, unashuka upya, unaingilia kwa ubavu. Na hapo ni mwamba. Kwa mfinyanzi wenye maji nisingemruhusu mwanangu hata kwa dhahabu, sembuse injini ya kutu.

Kwa mahesabu yangu ya haraka, njia ya salama ni kufukua kilima chote kutoka juu. Yaani wauondoe huo mtaa na bustani.

---

Bi. Chausiku

Mimi nipo tofauti kidogo. Injini waiache, sawa. Lakini watu wawili hawajazikwa. Wangekuwa matajiri wa mjini, mngeona kama kilima kisingefukuliwa.

---

Mzee wa Matimba

Dada yangu, mimi nina wenzangu waliobaki chini. Tulisoma dua juu ya kifusi tukaweka alama. Kumtoa maiti kwa kuua wengine watatu siyo heshima kwa maiti.

---

Bi. Chausiku

Sikatai mzee wangu, na poleni. Ninachosema ni 1925, siyo leo. Wangeorodhesha tu majina. Kuandika jina hakuangushi dari.

---

Reli ya Kale

Hapo wote mko sahihi na sitaki kuwapatanisha kwa nguvu. Ila dada amegusa jambo ambalo wale wa video hawaligusi kabisa.

---

Kisiki cha Mpingo

Swali la mwisho kabla sijalala mkuu. Baada ya handaki kufungwa, hayo makaa ya mawe yalipita wapi? Maana walisema daraja halitoshi.

---

Reli ya Kale

Yalipita juu ya daraja lile lile la 1901, na bado treni za mizigo zinapita hapo mpaka leo, chini ya kampuni ya CSX iliyorithi C&O. Mjini hapo kuna sehemu inaitwa Triple Crossing, reli tatu zinakatizana mahali pamoja, moja juu ya nyingine, na hilo daraja ndilo la juu kabisa. Wapiga picha wa treni wanaijua sana. Kutoka bustani ya Jefferson kwenda huko ni mwendo wa miguu tu.

Kesho nikipata nafasi nitaweka maelezo ya handaki la Crozet, maana naona inbox mmeniuliza wengi. Lile ujenzi wake una mambo yake, hasa hesabu za kukutana katikati ya mlima wakitokea pande mbili.

---

TaaYaNyuma

Usisahau kunitag. Na safari hii anza na udongo moja kwa moja.